Komanda alisema mupige tena ile ya jana, na ile ya jana haikuwako tena

Wakuu, mwabukire wote, njo salamu ya kwetu.

Naandika toka Butembo. Mimi ni mukaka, maana yake nyanya mwenye bajukuu, na naandika na kidole moja. Masomo yangu yaliishia pale nilijua kusoma Biblia na kitabu ya nyimbo. Mukiona kosa, mupite juu yake.

Yenye niliona na macho yangu nitaiandika. Yenye sikuona nitasema sikuona. Mu umri huu siko na sababu ya kupaka mambo mafuta.

Juzi kijana mumoja aliuliza humu kama mutu anaweza kuchanganya likembe na byombo bya umeme, bila mwimbo wa kutayarisha, na ikaitwa miziki. Mulimucheka sana. Mumoja wenu akaandika, "Mkuu, hiyo ni redio mbovu, peleka kwa fundi."

Nilisoma, nikaweka simu chini.

Juu hiyo redio mbovu ilikaribia kuniulia mutoto.

Kwa bale ba mbali wenye hawajue: likembe ni kisanduku kidogo ya mbao. Juu yake kuko meno ya chuma, unayapiga na bidole gumba bibili. Mu chuma banafungaka pete ndogo ndogo, inalia sawa nyuki.

Sasa tuanze.

Ilikuwa wakati wa vita. Butembo na Beni tulikuwa chini ya bale ba rebellion, baasi. Kila mulima na komanda yake, kila barabara na bariyeri yake. Tulikuwa tunalima, tunauzisha, tunasali, lakini na masikio wazi.

Bwana yangu alikuwa amekufa, hapana kwa risasi, kwa ugonjwa. Nilibaki na mutoto wa kwanza, Mumbere. Kijana mukubwa, alikuwa anatafuta bibi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Mu nyumba yangu haukuweza kukaa bila kuangalia, kila kiti kilikuwa na redio yenye tumbo wazi.

Kisha kuko kaka yangu Kambale, mukubwa yangu. Nilikuwa namuita Yaya. Yeye njo alikuwa mupiga likembe. Alikuja toka Kipese kwa matanga ya bwana yangu, na nyuma ya matanga hakurudi. Alisema mashamba inaweza kumungojea, dada yake hapana.

Siku moja, Yaya alikuwa amekaa kwa mulango anapiga likembe yake pole pole. Mumbere alikuwa mu kona na redio. Akalowanisha kidole na mate, akagusa mu tumbo ya redio, pale kwenye nyaya. Redio ikalia. Fiiiiu.

Yaya akaacha kupiga. Akangojea. Kisha akaijibia na likembe.

Mumbere akagusa tena. Redio ikalia ingine namna.

Hawakuangaliana.  Bakaendelea hivyo mpaka chakula ikapoa, na mimi nikakasirika.

Tangu siku ile, kila siku ya Mungu, jumapili, nyuma ya ibada, njo kazi yao. Mumbere alifunga mikro kwa likembe na kipande ya mupira ya ndani ya kinga, ile baiskeli. Akatafuta kipaza sauti ya kanisa yenye ilitupwa, ile yenye mudomo mupana, akaifufua. Batri ya motokari chini ya meza. Na redio ile mbovu, anaiweka katikati ya stesheni mbili, pale kunalia upepo na sauti za batu ba mbali, anaigusa na kidole yenye mate. Kila mara mate. Kidole ikikauka, redio inanyamaza.

Niliwauliza, "Hii ni mwimbo gani? Haina mwanzo, haina mwisho."

Yaya akanijibu, "Masika, ukikutana na jirani kwa kisima, munaandikaka mbele yenye mutasema?"

"Hapana."

"Na munasikilizanaka?"

Nikarudi kwa sufuria yangu. Yaya alikuwa na mudomo huo tangu utoto.

Sheria yao ilikuwa moja tu: mwenye hasikie mwenzake, anyamaze kwanza. Hakuna mukubwa, hakuna mutoto. Na yenye imepigwa, imepigwa. Hairudie.

Majirani balichoka na sisi. Kwa kisima banamama bananiuliza, "Mama Mumbere, jana paka ilikanyagwa tena kwenu?" Mimi najibu, "Ilikanyagwa, na iko muzima, mwasingya, aksanti." Lakini ndani nilikuwa naona haya. Mimi ni mutu wa kanisa.

Haya ilikuwa kitu kidogo. Hofu njo ilikuwa kubwa.

Wakuu, bale munaishi kwenye amani, nitawaelezea. Wakati ule neno lenye lilikuwa linaua ni foni. Foni ni redio ya basoda, baaskari, ya kuongelea. Mutu anasema hapa, mwenzake anasikia kule mu pori. Kama batu balisema uko na foni mu nyumba, wewe ni mupelelezi wa adui, basi. Hawakuulizi mara mbili. Kulikuwa batu kule Oicha balikamatwa juu ya foni, na bibi zao banangojea mpaka leo.

Na nyumba yangu ilikuwa inalia fii, tik tik, fiiiu, kila siku ya Mungu, na sauti za kizungu na za kiarabu ndani.

Nilimuambia Mumbere, "Iko siku batasema ni foni."

"Mama, foni iko na mikro ya kushika, iko na..."

"Wenye kukuja kukukamata hawatafungua tumbo yake waangalie."

Akarudi kwa nyaya zake. Lakini siku ya Mungu yenye kufuata bakapiga tena. Na sikuwakataza, juu Yaya alikuwa amezeeka sana mu matanga ile, na pale tu njo alikuwa anarudi mutu.

Kuko kitu ingine. Ili redio ikamate mbali, Mumbere alivuta waya toka dirisha mpaka kwa muti wa avoka mu kiwanja. Waya muzuri, wa kunyooka. Na mimi, kwa kuwa ilikuwa pale, nikawa naanika kikwembe yangu, kitenge ya kujifunga, juu yake. Ukianika kikwembe yenye maji, redio inabadilisha sauti. Mumbere akasema, "Mama, na wewe uko unapiga miziki." Nikamuambia asinitie mu upumbafu wake.

Sasa, siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya Mungu, mchana, mvua imetoka kuisha. Nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo. Ndani bo, Yaya na Mumbere, banapiga. Nakumbuka ilikuwa nzuri, nasema kweli, Yaya alikuwa anapiga jino moja tu, na redio inaizunguka. Nikawa natwanga pole pole ili nisiwaharibie.

Kisha redio ikanyamaza kwa namna mubaya.

Nikatupa mutwangio, nikazunguka nyumba. Basoda bane mu kiwanja. Mumoja, murefu, alikuwa ameshika waya kwa avoka.

"Mama, hii ni nini?"

"Kamba ya nguo."

Kikwembe yangu ilikuwa juu yake, inatoa maji. Akaiangalia. Akafuata waya na macho mpaka dirishani.

"Kamba ya nguo inaingia mu redio juu ya nini?"

 Muniambie nyinyi, mungejibu nini?

Bakabeba redio, kipaza sauti, batri, waya. Bakabeba na Mumbere, mikono nyuma. Yaya akasimama na likembe, akasema, "Na mimi nilikuwa napiga." Yule murefu akamusukuma na kitako ya bunduki, hapana kwa nguvu, sawa unasukuma mulango. "Muzee, baki na kisanduku yako. Sisi tunatafuta foni."

"Munamupeleka wapi?"

"Beni. Kwa komanda. Atasema kule anaongeaka na nani."

Mumbere aligeuka kidogo, akaniangalia.  Mumoja akamuambia mu Lingala, "Yaka, kuja, mupelelezi," na motokari ikaenda.

Usiku ule sikuulalia. Sitaueleza.

Asubuhi nikafunga kitambaa kichwani, nikamuambia Yaya, "Kamata likembe."

Akasema, "Tunaenda kuomba mutoto, hatuende kucheza."

"Batamuuliza yenye alikuwa anafanya. Atasema alikuwa anapiga miziki. Wewe njo nusu ya ile miziki. Nani ataamini nusu?"

Tukapanda kamioni ya maharagi. Mwenye amepita barabara ile ya Butembo na Beni wakati ule anajua. Kwa kila bariyeri kamioni inasimama. Soda anapanda, anaingiza mukono mu gunia, anaangalia nyuso. Kwa moja akaona likembe mu kitunga yangu.

"Hii nini?"

Yaya akapiga kidogo. Soda akatikisa kichwa, akashuka. Mwanamuke mumoja mwenye tulikuwa naye juu ya maharagi akaniuliza tunaenda wapi. Nikamuambia. Akaweka mukono juu ya goti yangu, na hakuniuliza kitu tena mpaka Beni. Nilichukia ule ukimya wake. Ulikuwa sawa mutu anakuja kwa matanga mbele ya kifo.

Kwa komanda kulikuwa banamama bengine banangojea, kila moja na mutu wake mwenye alikamatwa. Tukakaa chini. Jua ikapanda. Bakaita huyu na yule. Mumoja alitoka analia, na hakuna mwenye alimuuliza, juu kila mutu aliogopa jibu.

Mwisho yule murefu akatuona. "Aa, mama wa kamba ya nguo." Akatuingiza.

Komanda alikuwa mutu munene kidogo, Kiswahili yake ya mbali, imechanganyikana na Lingala. Juu ya meza byombo byote bya Mumbere bilikuwa pale, hata waya, imezungushwa vizuri. Mbele yake kikombe ya chai ya malata, njo bati. Mu chumba ya nyuma nilisikia foni, ile ya kweli. Opereta alikuwa mule, na byombo ku masikio, anasema majina ya ndege na ya miti, njo majina yao ya siri.

Bakamuleta Mumbere. Bila viatu. Jicho moja limefunga. Midomo ilikuwa imekauka mpaka inapasuka.

Nikakaa wima. Sikutaka aone mama yake analia mbele ya batu bale.

Komanda akasema, "Mwana yako anasema ni miziki. Sawa. Mimi napenda miziki. Hapa kuko soda yangu mwenye aliisikia jana na masikio yake. Mupige tena ile ya jana. Ikiwa ile ile, ni miziki. Ikiwa ingine, mulikuwa munatuma habari."

Nikamuangalia Mumbere. Mu roho nilikuwa namuambia, sema ndiyo. Piga chochote. Danganya, mutoto yangu, leo Mungu atafunga macho.

Mumbere akasema, "Ile ya jana iliisha, komanda. Hairudi."

Kama singekuwa mbele ya bunduki, ningemupiga kofi.

"Hairudi?"

"Tunapigaka yenye kuko. Tukimaliza, haiko tena."

Komanda akamuangalia Yaya. "Na wewe muzee?"

Yaya akaona hali. Akasema, "Tutajaribu." Akaanza kwa likembe, lile jino moja ya jana. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, pete zinalia peke yao. Yule murefu akasimama pale, kichwa upande, sawa mutu anapima maziwa kama imechacha.

"Hapana," akasema. "Haikuwa hivi. Ya jana ilikuwa na fii mbili, kisha tik tik."

Yaya akaanza tena.

"Hapana. Na hii siyo."

Komanda akakunywa chai yake. Akasema pole pole, karibu kwa huzuni, "Munaona. Mwimbo mutu anaurudilia. Batoto banaimba wimbo ule ule kila siku. Kitu yenye kila siku ni ingine, hiyo ni habari."

Wakuu, nasema kweli, maneno yake ilikuwa na akili. Hiyo njo ilinitisha zaidi. Mupumbafu unaweza kumuomba. Mutu mwenye ana sababu yake, utamuomba nini?

Akamufanyia yule murefu alama na kidole. Murefu akamushika Mumbere mukono.

Nikasikia opereta mu chumba ya nyuma anaita, anaita, na hakuna mwenye anamujibia. Na maneno ikanitoka mbele ya kufikiri.

"Komanda. Ile foni yako kule. Nikigonga hii meza, itanijibia?"

"Nini?"

"Itanijibia mimi?"

"Mama, foni inajibia mutu wa mbali."

"Basi gonga wewe. Gonga kitu yenye unataka. Kama hii ya mutoto yangu inakujibia wewe, iko ya hapa. Kama inakunyamazia, iko na mutu wa mbali, umubebe."

 Yule murefu alicheka, akaona komanda hacheke, akaacha.

Komanda akakamata kikombe yake. Akaigonga na pete ya kidole. Tik. Tik.

Bakafunga batri kwa redio. Mumbere akafungua tumbo ya redio. Akaweka kidole kinywani.

Akaitoa. Akagusa.

Kimya.

Akaweka tena kinywani. Nikaona koo yake inapanda na kushuka. Hakukuwa mate. Hawakumupatia maji tangu jana, na hofu ilikuwa imekausha yenye ilibaki. Akagusa tena, na redio ikakaa sawa jiwe.

Komanda akagonga mara ingine. Tik. Tik. Akangojea. Macho yake yalianza kwenda kwa murefu.

Munajua namna mama anapangusa mutoto uso barabarani? Analamba kidole yake, anasugua. Kila mama amefanya, kila mutoto amechukia.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikakamata mukono ya mutoto yangu, mwanaume muzima mwenye ndevu, nikaingiza kidole yake mu kinywa yangu, nikailowanisha vizuri. Nikairudisha juu ya nyaya.

Fiiiu.

Komanda alishtuka. Chai ikamwangika kidogo.

Akagonga tena, mbio mbio. Redio ikajibu mbio mbio. Akagonga moja, akakawia. Redio ikalia moja, ndefu, ikamungojea. Yaya akaingia chini na likembe, na mikono yake, sijue namna gani, ilikuwa imeacha kutetemeka.

Komanda akageuza kikombe, akaigonga kwa chini. Sauti ingine. Bo bakamufuata. Akapiga meza na kiganja. Bakamufuata. Kisha akaacha kujaribu, akawa anapiga tu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mumbere akinyoosha kidole kwangu, namulowanisha, anarudi. Basoda bakajaa kwa mulango. Opereta akatoka mu chumba yake, byombo bya masikio bimeninginia ku shingo, na kule nyuma foni inaita peke yake.

Ilikuwa muda gani, sijue. Najua kwamba nilikuwa naogopa waache, na naogopa waendelee.

Komanda akaacha ghafla. Akaweka kikombe chini sawa imemuchoma. Akaangalia basoda yake kwa mulango, na uso wake ukafunga.

"Nani aliwaita hapa?"

Bakatawanyika.

Akaniambia bila kuniangalia, "Mama, beba mutoto yako. Waya inabaki. Redio inabaki. Na mukipiga tena, mupige inje, mu kiwanja, kila mutu aone mikono yenu."

Nikasema, "Wasingya." Tukatoka. Sikugeuka nyuma. Mumbere alitembea kati yetu bila viatu mpaka kwa kamioni, tukapanda, Beni ikapotea nyuma. Pale njo Yaya akasema, "Masika, umepiga vizuri."

Nikamuambia anyamaze.

Batu balisema yule murefu mwenyewe alifurahi kwamba tulitoka. Sijue, sikuona. Wale banamama bengine ba kiwanja, sijue kama balipata batu bao. Nilipita mbele yao na mutoto yangu kwa mukono, na sikuweza kuwaangalia usoni.

Mumbere akajenga redio ingine. Bakapiga inje, chini ya ile avoka, mikono yote wazi. Majirani bakaleta viti. Bengine baliziba masikio, lakini bakakaa. Na mwenye kupita na hofu yake alikuwa anaona: ni muzee, ni kijana, ni kisanduku, ni redio mbovu. Hakuna mutu wa mbali.

Yaya alishakufa, amelala Kipese. Mumbere leo iko na mvi, anatengeneza simu. Binti yake amechukua likembe ya Yaya, anaipitisha mu ordinateri, kompyuta, inalia sawa mvua juu ya malata. Na habari za Beni munazijua, amani haijafika bado. Mikro ikilia fii mu kanisa, naangalia mulango mpaka leo.

Funzo yangu ni hii, kwa yule kijana mwenye mulimucheka na kwa bengine. Kelele yako yenye batu hawaijue, usiifanyie nyuma ya dirisha ya kufungwa. Toka nayo inje. Mutu anaogopa yenye hawezi kuona, na mutu mwenye kuogopa akiwa na bunduki, hauwezi kumuelezea. Umupatie kikombe, agonge naye.

Na nyinyi wenye muko na mutu alikamatwa juu ya foni wakati ule, muandike hapa chini. Hata kama hakurudi. Zaidi kama hakurudi. Nitasoma yote, pole pole.

Wiki hii bajukuu balikuja, bakaweka byombo byao mu kiwanja. Mbele ya kuanza, Mumbere alinisogelea na mvi zake, akaninyooshea kidole mbele ya batu wote.

Yeye anacheka kila mara. Mimi sicheke.

Nilimulowanisha.